Gitaa la marehemu baba, na ile sauti ya miaka ya 70: ilitoka wapi hasa?

Kijana wa Kihonda
Habari zenu wakuu. Baba yangu alikuwa mpiga gitaa kwenye bendi ya shirika moja la umma huku mikoani, tangu 1974 mpaka bendi ilipokufa 1983. Alifariki nikiwa darasa la pili. Mwezi uliopita tulikuwa tunahamisha vitu vya bibi, juu ya kabati nikakuta gitaa lake limeviringishwa kwenye khanga mbili na kufungwa kwa mpira wa baiskeli. Jekundu. Pale mkono unapoegemea rangi imebanduka mpaka mbao inaonekana, na kichwani karibu na funguo kuna alama tatu nyeusi za sigara zimepangana kama matundu ya filimbi. Halina jina lolote, ila kuna vitundu viwili vya misumari ambapo nadhani jina lilikuwa limebandikwa.

Swali langu ni hili. Nimelipeleka kwa rafiki yangu mwenye amplifaya ya kisasa, tukalichomeka, linatoa mkwaruzo tu. Akanipa lake jipya, nikapiga kipande cha bendi ya Morogoro Jazz nilichojifunza kwa kusikiliza. Noti ni zilezile, nimezihakikisha moja moja. Lakini sauti siyo. Ile ya zamani inalia kama tone la maji linalodondokea kwenye sufuria tupu, inabaki inaning'inia hewani. Hii ya leo inatoka nono na kufa palepale. Mimi naamini siri ni gitaa lenyewe, ndiyo maana nataka kulifufua hili. Nisaidieni.

Fundi Spika
Pole kwa msiba wa zamani, na hongera kwa kulikuta. Kwanza tuokoe kilichopo. Mkwaruzo usikutishe, mara nyingi ni vumbi ndani ya vile vifundo vya kuongezea sauti, au risasi ya soketi imeachia. USIKUBALI fundi akubadilishie pikapu, yaani zile sumaku zilizo chini ya nyuzi. Hizo ndizo roho yake. Gitaa nyingi za bei nafuu za wakati ule zilikuwa na pikapu za koili moja, zinatoa sauti nyembamba na kali, na zinanguruma kidogo ukisimama karibu na waya wa umeme. Za koili mbili, ambazo Gibson walianza kuzitumia 1957, zinaua ule mngurumo na kunenepesha sauti. Gitaa la rafiki yako bila shaka ni la koili mbili.

Ila sikubaliani kwamba siri ni gitaa. Siri ni mashine. Amplifaya za zamani zilikuwa za valvu, yaani zile taa za kioo ndani yake, hizi za leo nyingi ni za transista au kompyuta ndogo ndani. Valvu ukiisukuma hailipuki, inainama. Ile kuning'inia unayoisema ni valvu.

Mzee wa Sululu
Vijana mnatafuta kwenye mbao na chuma kitu kilichokuwa kwenye vidole. Mimi nimecheza dansi hizo. Ukiingia ukumbini unajua bendi hata kabla mwimbaji hajafungua mdomo. Kila bendi ilikuwa na mtindo wake: Western walikuwa na saboso, Dar Jazz na mundo, NUTA na msondo, Tabora na segere matata, Morogoro na likembe, halafu sululu. Vyombo vyao vilifanana fanana, maana wote walinunua kwa kile kilichokuwepo. Mbona hawakufanana sauti? Marehemu Mbaraka Mwinshehe, mpiga gitaa wa Morogoro, aliyefia Nairobi 1978 angeshika gitaa la mtoto ungemjua. Alikwenda mpaka Tokyo kwenye maonyesho ya dunia ya Expo 70, Wajapani wenye viwanda vya magitaa wakamsikiliza.

Mama Santuri
Shikamoo Mzee wa Sululu. Naomba kurekebisha mawili kwa heshima. Expo 70 ilikuwa Osaka, siyo Tokyo. Na Mbaraka alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari karibu na Mombasa, akiwa tayari na bendi yake ya Super Volcano. Morogoro Jazz alishaiacha 1973.

Mimi nakusanya santuri, ninazo nyingi za zile ndogo za spidi 45. Na naona wote wawili mnasahau kitu. Hakuna hata mmoja kati yetu anayesikiliza gitaa la Mbaraka. Tunasikiliza santuri yake. Bendi zilirekodi Redio Tanzania pale Barabara ya Pugu, wote wakipiga kwa mkupuo mmoja ndani ya chumba, mmoja akikosea mnarudia wote. Nyingine zilivuka kwenda Nairobi, na huko ndiko santuri zilikokandamizwa kwa sababu sisi hatukuwa na kiwanda. Wimbo ukiwa mrefu unakatwa katikati, sehemu ya kwanza huku, ya pili ukigeuza. Gitaa kabla halijafika sikioni mwako lilishapita kwenye chumba, kipaza sauti, kanda, sindano, plastiki. Hiyo safari ndiyo sauti.

Mzee wa Sululu
Marahaba mwanangu. Umenirekebisha vizuri, Osaka ni kweli. Mwaka wa kifo nilichanganya. Lakini kuhusu vidole sirudi nyuma.

Likoni Feri
Hamjambo nyote. Mnazunguka sana na huku jibu liko Kenya wallahi. Hiyo sauti ya tone la maji isikilizeni kwa Les Wanyika, "Sina Makosa". Besi inatembea polepole, ridhim inarudia palepale bila kuchoka, solo la John Ngereza linaingia likiwa na nafasi yake. Hakuna kelele. Kila chombo kimeachiwa hewa. Studio za Nairobi zilijua kazi.

Binti Chumbageni
Likoni Feri kaka yangu, umekuja kuchukua cha watu mchana kweupe. Wilson na George Kinyonga ni watoto wa Tanga, walikuwa Jamhuri Jazz hapahapa kabla ya kwenda Arusha 1970, kisha ndiyo wakavuka kuja Kenya wakaanzisha bendi ya Simba Wanyika. Les Wanyika wakajitoa humo 1978, na Ngereza naye ni Mtanzania. Babu yangu alikuwa anasimulia enzi za bendi mbili za Tanga, Jamhuri na Atomic, mji umegawanyika kama Simba na Yanga, ukivaa shati la rangi ya upande wa pili huingii ukumbini.

Likoni Feri
Dada nimekubali. Wapishi wa Tanga, jiko la Nairobi. Na chakula tulikula sote.

Besi Nne
Mimi napiga kwenye bendi ya hoteli, nyimbo hizi tunaombwa kila Ijumaa, kwa hiyo nimezipasua vipande. Kijana wa Kihonda, kosa lako ni dogo. Unapiga gitaa moja ukitaka litoe sauti ya matatu. Kwenye bendi nyingi za wakati ule kulikuwa na solo, second solo na ridhim. Solo anacheza juu, ridhim anashika chini, na second solo yuko katikati anajibu. Wewe ulichojifunza kwa masikio nina uhakika nusu ni ya solo na nusu ni ya second solo, sikio limezishona pamoja. Msikilize mpiga gitaa Joseph Mulenga na bendi ya Mlimani Park, sikiliza na NUTA wa zamani, utaona hakuna mtu anayepiga sana. Kila mmoja anapiga kidogo, pale mwenzake alipopaacha wazi.

Jambo la pili. Ukitaka kupiga pamoja na santuri zile utakuta gitaa lako haliendani, liko juu au chini kwa nusu sauti, wakati mwingine hata siyo nusu kamili. Lazima ulegeze nyuzi zote. Mimi nadhani walikuwa wanafuata saksafoni na tarumbeta, kila bendi na kipimo chake.

Mama Santuri
Au mashine ya kanda ilikuwa inakimbia. Kuna wimbo ninao kwenye santuri mbili za matoleo tofauti, moja mwimbaji ana sauti ya kijana wa miaka ishirini, nyingine amezeeka. Na kanda ikikimbia, gitaa nalo linapanda na kuwa jembamba. Besi Nne, umenisaidia kuthibitisha hoja yangu.

Besi Nne
Sijathibitisha mama, nimesema saksafoni 🙂

Fundi Spika
Narudi kwenye valvu, maana kuna kitu sikukisema. Miaka ya nyuma niliwahi kutengeneza vyombo vya bendi iliyokuwa ikizunguka vijijini wakati wa mavuno. Umeme ni wa jenereta. Ukumbi ni uwanja wa shule umezungushiwa mabati au makuti. Jenereta ikizidiwa, umeme unashuka, taa zinakuwa nyekundu, na amplifaya ya valvu haizimiki. Inalainika. Solo likigongwa kwa nguvu linazama kidogo kisha linachomoza. Watu walikuwa wanapiga kelele za furaha pale, hawajui kwamba ni dizeli inaisha. Na hata mjini umeme haukuwa unakaa sawa. Ukichukua amplifaya ileile leo ukaiwekea kidhibiti umeme kizuri, inatoa sauti ngumu kidogo. Nimejaribu kwa mikono yangu.

Pia kulikuwa na mashine za mwangwi. Watkins Copicat ya Waingereza, iliyoanza 1958, ina kipande cha kanda kinachozunguka ndani kama mnyororo wa baiskeli. Kanda ikichakaa, mwangwi unarudi umefifia na kuyumba. Hiyo ya kusikia noti inaning'inia inaweza kabisa kuwa ni hiyo.

Redio ya Mbao
Nimesoma uzi wote kimya. Naleta la kwangu, msinichukie. Nyumbani kwetu Urambo tulikuwa na redio moja, betri zikiisha tunazianika juani zipate uhai wa jioni. Spika yake ilikuwa ndogo kama kisosi. Besi ilikuwa haisikiki kabisa. Ngoma zilikuwa kama mtu anakuna mkeka. Kilichopenya ni gitaa na sauti ya mtu. Mwaka jana mwanangu alininunulia spika kubwa, nikamwekea Tabora Jazz aisikie. Besi ikajaa chumba, gitaa likarudi nyuma, mimi nikabaki nimekaa. Wimbo ni uleule lakini haukuwa wangu. Nikaomba aitafute kwenye simu yake, bila spika, aiweke ndani ya bakuli la bati. Hapo ndipo nikawasikia Tabora niliokuwa nawajua.

Kijana wa Kihonda, huenda unachokitafuta ni redio.

Binti Chumbageni
Redio ya Mbao umenitoa machozi asubuhi yote hii. Bakuli la bati na mimi naenda kujaribu.

Mzee wa Sululu
Sisi tuliokuwa ukumbini hatukusikiliza kwa redio, na gitaa lililia vilevile. Nakuheshimu ndugu yangu wa Urambo, lakini hilo ni jibu la waliobaki nyumbani.

Redio ya Mbao
Mzee nilikuwa na miaka tisa, kiingilio ningetoa wapi?

Mtoto wa Katuba
Jambo kwenu wote. Mimi natokea Lubumbashi, sasa niko Kigoma. Mnaongea kama magitaa yalianza na umeme. Huku kwetu Katanga, Mwenda Jean Bosco alishapiga yote hayo kwa gitaa kavu, kidole gumba na cha shahada tu, na aliimba kwa Kiswahili. Hugh Tracey alimrekodi 1952 kule Jadotville, leo Likasi. Sikilizeni yule mtu mmoja: gumba linashika besi, shahada inaimba juu. Bendi za baadaye zilikuja kugawana kazi ile kwa watu watatu. Kwa hiyo Mzee wa Sululu ana haki, ni vidole. Na Besi Nne ana haki pia. Bendi ya Maquis walipotoka Katanga wakaja kuweka kambi Dar, walileta mambo haya yakiwa yameshaiva.

Kijana wa Kihonda
Wakuu asanteni sana, sikutegemea. Nimefanya kama Fundi Spika alivyoelekeza. Nilifungua bati la mbele kwa bisibisi ndogo, ndani mlikuwa na vumbi jekundu la barabarani na mdudu mkavu. Waya wa soketi ulikuwa umeachia kweli, tukauchomea risasi. LINALIA. Pikapu mbili, na swichi zake ni za kubonyeza huku na huku kama za taa ya mezani.

Mkwaruzo bado upo kidogo. Sauti ni nyembamba kuliko ya gitaa la rafiki yangu, na ni kali, lakini bado siyo ile ya santuri. Naanza kukubali kwamba nilikosea kusema ni gitaa peke yake.

Kuna jambo moja dogo. Nyuzi zina kutu, nataka kuzibadilisha zote. Nilipokuwa nazilegeza nikaona mtu wa mwisho kulifunga alikosea, uzi wa nne umewekwa mwembamba kabisa, sawa na ule wa kwanza. Unatakiwa uwe mnene wa kuzungushiwa waya. Nanunua seti nzima nirekebishe.

Fundi Spika
Swichi za namna hiyo na gitaa jekundu lisilo na jina, mimi nasema ni la Japani. Teisco walikuwa wakizitumia sana hizo swichi, kabla na baada ya Kawai kuwanunua 1967. Lakini Wajapani walitengeneza magitaa hayohayo kwa majina kibao.

Mtoto wa Katuba
SIMAMA hapohapo Kijana wa Kihonda. Usiguse uzi wa nne. Huyo hakukosea!

Huo ni mi-kompoze. Kwetu Kongo gitaa la katikati, lile linalokaa kati ya solo na ridhim, linafungwa hivyo. Unatoa uzi wa nne mnene, unaweka mwembamba, unaupandisha mpaka ile noti ya re ya juu badala ya ya chini. Sasa ukipiga kordi ya kawaida, noti moja ya katikati inaruka juu ya wenzake. Inang'aa. Inaonekana kama kuna mtu wa pili anapiga na wewe. Hiyo ndiyo tone lako la maji ndugu yangu! Ulikuwa nalo mkononi na ulitaka kulitupa.

Besi Nne
Mungu wangu. Kama ni kweli, basi baba yako alikuwa second solo.

Kijana wa Kihonda
Mikono inatetemeka kuandika. Lakini baba mdogo amekuwa akituambia miaka yote kwamba baba alikuwa ridhim. "Alikaa nyuma," ndivyo anavyosema kila siku.

Mzee wa Sululu
Polepole wanangu. Msimjengee kijana ghorofa juu ya uzi mmoja. Bendi imekufa 1983, sivyo? Mnakumbuka miaka ile? Sabuni ilikuwa ya foleni, nani angeingiza nyuzi za gitaa? Wapigaji walikuwa wanachemsha nyuzi za zamani kwenye sufuria ili zitoe jasho na kutu zilie tena wiki mbili. Uzi ukikatika unaunga fundo karibu na mkia. Ukikosa kabisa unaweka wowote ulioupata, hata kama ni wa kwanza mahali pa nne. Nilimwona mtu kwa macho yangu amefunga kipande kilichochambuliwa kutoka waya wa breki ya baiskeli. Huenda baba yake alikuwa ridhim aliyeishiwa nyuzi, basi.

Mama Santuri
Nakubaliana na mzee, mashaka ni ya haki.

Fundi Spika
Kuna njia ya kujua. Kijana, tazama kile kijiti cha mfupa au plastiki kinachokaa mwisho wa shingo, kabla ya funguo, zinapopita nyuzi. Kina vijia sita. Kijia cha uzi mnene ni kipana, cha mwembamba ni chembamba. Kama uliwekwa kwa dharura, kijia cha nne bado kitakuwa kipana na uzi unacheza ndani yake. Kama alikusudia, atakuwa ametengeneza kijia chembamba. Jaribu kuweka uzi wa nne mpya pale, uone kama unazama.

Kijana wa Kihonda
Nimetoka kujaribu sasa hivi, nimewasha tochi ya simu. Uzi mnene mpya hauzami. Unakaa juu kama mtu aliyekaa kwenye kigoda cha mtoto. Kijia cha nne ni chembamba sawasawa na cha kwanza. Kijiti chenyewe si cha plastiki, ni mfupa, umekwanguliwa kwa mkono, mikwaruzo ya msasa bado inaonekana.

Mtoto wa Katuba
Sina la kuongeza.

Mama Santuri
Mimi ninalo. Kijiti kilichongwa kwa mkono, sawa. Na nani? Gitaa lilikuwa la bendi au la kwake? Vyombo vya bendi za mashirika vilikuwa mali ya shirika, mpigaji akihama anaviacha. Huenda lilipita kwa mwingine kabla yake, Mzaire au mtu aliyejifunza kwao, baba akalikuta hivyo na akapigia ridhim vilevile. Hilo ndilo swali la kumuuliza baba mdogo, siyo alikaa wapi.

Likoni Feri
Na hiyo "alikaa nyuma" isikuzuie. Second solo wengi walikaa nyuma.

Kijana wa Kihonda
Nimempigia. Anasema gitaa baba alilinunua mwenyewe kwa mtu aliyekuwa anarudi kwao, hakumbuki ni nani wala alikuwa anarudi wapi. Mfupa anaukumbuka. Anasema baba aliuchonga nyuma ya nyumba kutoka kwenye mguu wa ng'ombe wa Idi, kwa kipande cha msumeno wa chuma, na bibi aligomba kwa sababu ya harufu. Lakini anashikilia palepale kwamba alikuwa ridhim.

Nimefunga uzi mwembamba mpya. Nimeupandisha taratibu nikiogopa utakatika, haujakatika. Nimepiga kordi ya kwanza, kordi ya mtoto anayejifunza. Bila amplifaya, kitandani, usiku.

Besi Nne, kuna wimbo wowote ambao second solo inasikika peke yake hata kwa sekunde chache? Nataka nianze na huo.

Besi Nne
Upo, nitakukatia kipande leo usiku nikirudi kazini. Ila legeza nyuzi zote nusu sauti kwanza.

Mama Santuri
Kabla hujalegeza, niambie toleo gani la santuri unalotumia.

Mzee wa Sululu
Kijana, nitumie jina la hiyo bendi kwa ujumbe wa faragha. Kama ni ile ninayoifikiria, niliwahi kulipa kiingilio chao mara mbili kwa usiku mmoja. Na weka picha ya zile alama za sigara.